Michezo ya kutazama Montana: jibu kwa familia inayohamia Missoula

Ndugu uliyeuliza kama wanao wapenda michezo watapata cha kutazama mtakapohamishiwa Montana, jimbo la milima lisilo na timu hata moja ya ligi kuu za Marekani, nimeishi Missoula tangu 2017 nikitokea kambi ya Nyarugusu, na ninakujibu kwa niliyoyaona.

Anza na chuo kikuu. Grizzlies, timu ya Chuo Kikuu cha Montana, hucheza mpira wa miguu wa Kimarekani katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1986 chini ya mlima Sentinel, na uwanja huo huchukua watu zaidi ya 25,000 katika mji wenye wakazi wapatao 75,000. Siku ya mechi, barabara za jirani hujaa watu waliovaa rangi ya damu ya mzee, wazee kwa watoto, na hasa wanapokuja Bobcats, timu ya chuo kikuu cha mji wa Bozeman, watani wao tangu 1897. Mara ya kwanza sikuelewa kwa nini mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache, mpaka mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu aliponieleza kwamba timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10; tangu hapo sijachoka kutazama.

Kiangazi ni zamu ya besiboli. PaddleHeads, timu ya Missoula, wamo katika Pioneer League, ligi ndogo iliyoanzishwa mwaka 1939. Hadi 2020 klabu hii ilikuwa kitalu cha kukuzia wachezaji wa Arizona Diamondbacks, klabu ya ligi kuu ya besiboli, lakini ligi kuu ilipopunguza timu zake za chini kutoka 160 hadi 120, Pioneer League nzima ikabaki ijitegemee. Wengi walihuzunika. Mimi naona klabu ilipata uhuru, kwa sababu zamani mchezaji aliyeanza kung'ara alihamishwa katikati ya msimu kwa amri ya klabu mama, ilhali sasa timu huajiri wachezaji wake yenyewe na hucheza ili mji wake ushinde. Msimu wa kwanza wa kujitegemea, 2021, walitwaa ubingwa. Gharama nazo ni zao, kwa hiyo kila tiketi inayonunuliwa ina uzito.

Mkifika kabla ya Septemba, wapeleke watoto huko kwanza. Uwanja uko kando ya mto Clark Fork, na ni mdogo kiasi kwamba watawasikia wachezaji wakiitana.