Umetoka kuzamia na huoni vizuri? Usitie dawa ya macho!

Weka chini hiyo chupa ya matone. Umeandika jana ulizamia majongoo ya baharini kwa mtungi wa hewa mara nne, leo unaona ukungu upande wa kulia, na unauliza utie dawa gani na ununue maski ipi isiyoingiza maji. Mdogo wangu, mimi nilianza hivyo hivyo.

Nilipopanda kwenye boti nilimtazama nahodha, nusu ya uso wake haipo. Nikafumba jicho la kulia: nusu haipo. Nikafumba la kushoto: nusu ile ile haipo. Macho yote mawili yakipoteza upande mmoja, ujue tatizo limeshapanda ubongoni. Ni viputo vya gesi ya naitrojeni vilivyotoka kwenye damu, mara nyingi kwa sababu umepanda haraka, vikaziba njia ya damu. Matone yatafanya nini huko?

Lakini tajiri wa boti akaniambia, "Chumvi hiyo, nawa maji baridi ulale." Mtu hajawahi kuvaa mtungi hata siku moja! Alikuwa anahesabu majongoo ya kesho yake, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Nikatia matone usiku wa kwanza, nikatia usiku wa pili. Siku ya tatu nikashindwa kusoma namba ya mke wangu kwenye simu, na mguu mmoja unaburuta.

Ndipo nikapelekwa kwenye chemba, chumba cha shinikizo cha kutibu wazamiaji. Wanakufungia ndani, wanakushusha kwa shinikizo kama la kina cha mita 18, unavuta oksijeni safi kwa vipindi, karibu saa tano. Nilirudishwa siku kadhaa. Mguu ukapona. Kuona hakukurudi kote: nikivuka barabara nageuza shingo nzima, maana bodaboda ikitokea kulia siioni.

Macho yakibadilika baada ya kuzamia, ni gesi mpaka chemba iseme siyo. Vuta oksijeni ya asilimia 100 sasa hivi, hata kama ukungu umepungua, na endelea nayo njiani. Lala chali. Usipande ndege, hewa ya juu ni nyepesi na viputo vinatanuka. Usirudi chini ya maji "kuviyeyusha", ukizimia huko nani atakutoa? Na usimfiche daktari kwamba ulikuwa na mtungi. Ukificha atakupa matone yale yale.

Uko kijiji gani? Nani yuko na wewe hapo mwenye gari? Jibu sasa hivi.