Manowari si ukuta
Kaka, umeuliza mbona meli za mizigo zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika Kusini, ilhali manowari zimejaa Bahari ya Shamu kuzilinda. Maharamia wa Somalia walikuja na boti ndogo na ngazi. Doria za Ulaya zilizoanza 2008, pamoja na walinzi wenye bunduki melini, ziliwaweza. Lakini Wahuthi, waasi wa Yemen, kuanzia Novemba 2023 walizirushia meli makombora na droni kutoka nchi kavu. Manowari zilitungua mengi, lakini likipenya moja tu, bima inapanda na mwenye meli anageuza njia. Mteja wangu hapa Tanga alisubiri kontena la vipuri vya trekta, karatasi zote ziko mezani kwangu, meli ndiyo kwanza inapita Afrika Kusini!