Kabla Hujaonana na Daktari wa Upasuaji Rekebishi

Tangu nilipoandika katika safu hii juu ya majeraha ya moto, barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi, na karibu zote zinatoka kwa watu walioamua kumwona daktari wa upasuaji rekebishi, ambao wengi huuita upasuaji wa plastiki, lakini hawajui wamweleze nini wala wamwulize nini. Nimechagua sita. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaacha.

Je, ni kweli kwamba katika upasuaji wa plastiki mtu huwekewa plastiki mwilini? (Msomaji, Morogoro)

La. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, maana yake kufinyanga, na madaktari walilitumia kabla ndoo na mifuko tuijuayo leo haijabuniwa. Daktari wa fani hii hufinyanga kilichopo: ngozi, mafuta, misuli na gegedu. Silikoni ya kuongeza matiti ni kitu cha kuingizwa kweli, lakini katika hospitali zetu za rufaa kazi kubwa ni midomo sungura, majeraha ya ajali za bodaboda na makovu ya moto. Wala fani yenyewe si ngeni kwetu, kwani shirika la afya la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa aina hii.

Nilitoboa sikio mara ya pili, pakaota uvimbe mgumu unaowasha. Ulikatwa mwaka jana, sasa umerudi na umefikia ukubwa wa korosho. Nikakatwe tena? (Binti, Mtwara)

Hiyo ni keloidi. Kovu la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, lakini keloidi huivuka mipaka hiyo na kuingia kwenye ngozi iliyokuwa nzima, na sisi wenye ngozi nyeusi huipata zaidi, hasa masikioni, kifuani, mabegani na kwenye taya. Kama nimeielewa barua yako, kosa halikuwa kukatwa, bali kukatwa tu na kurudishwa nyumbani. Mkato wa kuondoa keloidi nao ni jeraha, na mwili ule ule uliozidisha kovu la kwanza huwa tayari kulizidisha la pili. Ndiyo maana keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine hurudi kwa wagonjwa wengi, mara nyingi ikiwa kubwa kuliko ya awali.

Tiba inayofuatana na kukata kwa kawaida ni sindano za steroidi, yaani dawa inayofanana na homoni ya mwili na inayopunguza uvimbe, zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa miezi kadhaa. Kwa sikio, daktari anaweza pia kukupa kibanio maalumu cha kukandamiza, na penye vifaa hutumika mionzi. Sindano hizo zinauma, nisikufiche, na wakati mwingine huacha ngozi ya mahali hapo ikiwa nyeupe kuliko ya jirani. Basi ukienda, usiulize tu kama anaweza kukata. Uliza atakufanyia nini baada ya kukata, na kwa muda gani. Mwambie pia kama mama, baba au ndugu zako wana makovu ya namna hiyo, na usiache kulitaja jambo hilo hata siku utakapokwenda kufanyiwa upasuaji mwingine wowote.

Shikamoo daktari. Matiti yangu ni makubwa mno, mgongo unauma na kamba za sidiria zimenichimba mabega. Nataka yapunguzwe, lakini nimepaka mkorogo kwa miaka 8 na naona aibu. Lazima nimwambie daktari? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Marahaba, mama. Lazima, na umwambie mapema, wala si siku ya kuingia chumba cha upasuaji. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, hata pale ambapo chupa haisemi hivyo. Zikipakwa kwa miaka, ngozi huwa nyembamba na kutoka michirizi, na daktari anapovuta uzi ili afunge jeraha, ngozi huchanika penye mshono kama khanga iliyochakaa. Kidonda huchelewa kupona na hupata usaha kwa urahisi. Kuna jambo zito zaidi: steroidi iliyopenya mwilini kwa muda mrefu huweza kuvifanya viungo vinavyotengeneza homoni kama hiyo vipunguze kazi, na mwili usio na homoni ya kutosha unaweza kushukiwa na presha ghafla ukiwa katika nusukaputi. Usiache mkorogo kienyeji wiki moja kabla. Daktari ndiye atakayepanga uache vipi na usubiri kwa muda gani. Aibu yako ninaielewa, ila nakuhakikishia kwamba hutakuwa wa kwanza kumwambia.

Mabega hayo yaliyochimbwa mwonyeshe, kwa sababu yanamsaidia kueleza kwamba shida yako ni ya kiafya, jambo ambalo bima hulitazama tofauti na urembo. Mwambie kama unatarajia kunyonyesha tena, maana upasuaji huu unaweza kupunguza maziwa. Mwombe akuchoree kovu litakavyokaa: mara nyingi huzunguka chuchu, hushuka wima, kisha hutambaa chini ya titi, na kwa pamoja huonekana kama nanga. Kama umefikisha miaka 40, uliza kuhusu kipimo cha matiti kabla ya kukatwa. Sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo ya damu na ngozi iliyohamishwa hufa. Dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba, zitie kwenye mfuko mmoja uende nao. Baadhi huongeza kutokwa na damu, na kuzitaja kwa kumbukumbu hakutoshi.

Rafiki yangu huchomwa sindano za kuongeza makalio saluni, kwa bei nafuu kuliko hospitali. Nifuatane naye? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usiende. Sindano za namna hiyo mara nyingi huwa za silikoni ya majimaji, nayo ikichomwa nyamani husambaa, huweza kufika kwenye mapafu na kuua, na miaka kadhaa baadaye huweza kuleta mabonge magumu na vidonda. Kuitoa yote ni karibu na muhali, kwa kuwa imekwisha kujipenyeza ndani ya nyama. Hata hospitalini, ambako hutumika mafuta ya mgonjwa mwenyewe, kazi hii ina hatari yake: mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya makalio hukimbilia moyoni na mapafuni, na kwa sababu hiyo mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake wasitishe upasuaji huo kwa muda. Daktari atakayekuambia kwamba hauna hatari yoyote, muage kwa heshima.

Mwanangu ana miaka 6. Aliungua uji akiwa na miaka 2, vidole vimejikunja kiganjani. Nimeambiwa nisubiri akue. (Baba, Dodoma)

Usisubiri, baba. Mfupa unakua, kovu halikui nao, na kadiri miaka inavyopita viungo hukakamaa. Kovu hukatwa, vidole hunyooshwa, na pengo hufunikwa kwa ngozi, mara nyingi ya pajani. Uliza mapema kuhusu banzi, kifaa cha kushikilia vidole vikiwa vimenyooka, la kuvaa usiku na mazoezi ya mkono, kwa kuwa wazazi wengi hudhani kazi imeisha nyuzi zikitolewa, kumbe bila banzi vidole hujikunja upya. Huenda akahitaji kurudiwa akiendelea kukua.

Nitajuaje kwamba daktari niliyemwona mtandaoni ni bingwa kweli? (Wengi)

Udaktari ni kitu kimoja, ubingwa wa fani hii ni kingine. Kwa Tanzania Bara, jina lake litafute katika orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar na Kenya zina mabaraza yao. Picha za mtandaoni za kabla na baada hutegemea mwanga na pozi, na nyingi hupigwa wiki chache baada ya upasuaji. Omba kuona za mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa kovu huchukua muda kama huo kutulia. Uliza nani atatoa nusukaputi, utampigia nani usiku damu ikianza kutoka, na kama bei aliyoitaja inajumuisha kurekebisha endapo haikukaa vizuri.

Fomu ya ridhaa iombe siku ya kwanza uende nayo nyumbani, maana kusaini ukiwa umelala kwenye kitanda cha magurudumu si kusoma. Neno usilolielewa lizungushie duara. Mzee mmoja aliwahi kunirudishia fomu yenye maduara 11. Tulikaa naye nusu saa, na mwishowe akaomba tusogeze upasuaji mbele kwa mwezi mmoja ili kwanza aache sigara.