Taa ya wati ngapi kwa tangi la maji ya chumvi?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nasimamia nyumba ya wageni hapa Casuarina, Malindi. Ukumbini tuna tangi la maji ya chumvi lenye urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 60. Samaki wawili aina ya kangaja wametokwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, na maji yameanza ukijani. Muuzaji ana taa za UV (mionzi inayoua vijidudu majini) za wati 9, 25 na 55. Pampu yetu inasukuma lita 3,000 kwa saa. Nichukue ipi?

JIBU: Waaleikum salaam. Chukua ya wati 25, lakini usiiunganishe na hiyo pampu ya lita 3,000. Hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Mionzi ya taa hizi, ya nanomita 254, huharibu chembe za urithi za kijidudu kisiweze kuzaana. Inataka muda. Maji yakipita mbio, kijidudu kinatokea upande wa pili kikiwa kizima. Mwani unaoelea hushindwa kwa mionzi kidogo, ila kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, kinahitaji mara kadhaa ya hiyo. Boksi likisema "inafaa tangi la lita 1,000", muulize muuzaji: kwa mwani au kwa vimelea? Mara nyingi ni mwani. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo kasi ya maji inayotoa kipimo cha mionzi cha mikrowati-sekunde 90,000 kwa sentimita mraba. Mimi hutumia namba hiyo kwa vimelea.

Tangi lenu kwa hesabu ni lita 450. Toa mawe, mchanga na nafasi ya juu, zinabaki kama 380. Maji yote yapite kwenye taa mara mbili hadi tatu kwa saa, yaani lita 760 hadi 1,140. Taa ya wati 9 haiwezi kasi hiyo. Ya wati 55 ingeweza, lakini joto lake linaishia majini, na mwezi wa Machi hapa kwetu tangi linachemka lenyewe.

Inunulie taa pampu yake ndogo. Namba iliyoandikwa kwenye pampu usiiamini, maana mpira mrefu na kupandisha maji hupunguza nguvu. Elekeza mpira unaotoka kwenye taa ndani ya ndoo ya lita 20 huku ukitazama saa. Ikijaa kwa dakika moja na sekunde 20, ni lita 900 kwa saa, na hapo pananitosha.

Taa ikae baada ya kichujio, kwani mionzi haipenyi uchafu. Kama mnachota maji baharini, angalieni msimu: mvua za vuli zikinyesha, upepo wa kaskazi hulileta tope la mto Sabaki hadi ghuba ya mji. Maji hayo yatulie pipani mpaka yawe meupe, kisha yachujwe.

Na usafi! Niliwahi kuitwa kwenye tangi ambalo taa "imeacha kufanya kazi". Nilipolivuta ganda la kioo linaloifunika, lilikuwa na utando wa kahawia kama kikombe kilichokaukia chai, na juu yake chokaa. Nikalisugua kwa kitambaa na maji ya ndimu hadi likang'aa. Fanyeni hivyo kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, na kamwe msiitazame taa ikiwaka nje ya ganda, itawaunguza macho. Balbu ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inaonyesha ubuluu: mwanga tunaouona hubaki ilhali mionzi inayoua imekwisha nguvu.

Nimewaweka kangaja mwisho, lakini ndio wa kushughulikiwa leo. Taa haitawaponya. Inaua kile tu kinachopita mbele yake, na vimelea vya kangaja vimo ndani ya ngozi na matamvua, vingine vimejifungia mchangani. Hamisheni samaki wote, hata wasio na madoa, kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala mchanga, muwatibu kwa dawa ya shaba mkiipima kila siku. Isiingie kabisa tangi kubwa, itaua matumbawe na konokono. Tangi kubwa libaki bila samaki siku 76, taa ikiwaka usiku na mchana.