Re: Nipsey Hussle aliuzaje kandamseto ya bure kwa dola 100?

Mkuu, umeuliza nani mwenye akili timamu angetoa dola 100 kwa kitu cha bure. Jibu ni kwamba wanunuzi hawakulipia nyimbo, walilipia nakala adimu. Crenshaw, kandamseto (mixtape) ya rapa wa Los Angeles Nipsey Hussle, ilitoka Oktoba 8, 2013, na ukiipakua mtandaoni ulikuwa hulipi senti. Sambamba na hapo Nipsey alichapa CD 1,000 tu, kila moja dola 100, na mnunuzi akapata pia nafasi ya kuingia kwenye shoo yake. Ziliisha ndani ya siku moja. Jay-Z alichukua 100, yaani dola 10,000 kwa mkupuo, na habari hiyo ikatangaza kazi kuliko bango lolote.

Waliobeza bei walikuwepo, ila hata kelele zao zilimsaidia. Mwaka uliofuata akarudi na kandamseto nyingine, Mailbox Money: nakala 100, dola 1,000 kila moja.

Sasa ukitaka kuiga, hesabu mashabiki waliowahi kukulipa, si wanaokufuata Instagram. Ukiwa nao 40, chapa 30. Andika namba kwa mkono, 1/30 mpaka 30/30, weka sahihi, na usichapishe tena hata wakikulilia. Ukiongeza, wa kwanza wataona umewapiga. Wengi wanakwama kwa kuanza na bei kabla ya kuwa na watu. Nipsey alikuwa na miaka kadhaa ya kanda za bure nyuma yake.

Na biti za kuazima, yaani midundo ya nyimbo za watu wengine? Kutoa kazi bure hakukupi haki ya kuzitumia. Ukizipandisha Spotify zinaweza kushushwa.