Jibu: Tiba ya familia, niingie au niachane nayo?

Salaam ndugu. Umesema upo intani, daktari wa mafunzo ya vitendo, katika hospitali ya Bombo, moyo unavutwa na tiba ya familia, yaani udaktari bingwa wa kumtibu mtu wa rika lolote pamoja na familia yake, ila wenzako wanakucheka: eti usome miaka yote hiyo uje kukaa OPD, idara ya wagonjwa wa nje. Mimi pia niko hapa Tanga, na OPD ndiyo kazi yangu.

Anza na nafasi ya masomo, mshahara baadaye. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar, kinafundisha uzamili wa fani hii kwa miaka 4. Ulizia ada na ufadhili kabla hujaaga popote.

Hao wanaocheka, wengi hawajamwona bingwa wa familia akiwa kazini. Wodini tunafundishwa na wapasuaji na mabingwa wa watoto, basi tunatamani tunaowaona.

Ukiwa OPD, angalia wanaorudi. Bibi ana presha na sukari, kidonda mguuni, dawa za mitishamba kwenye mkoba, na mjukuu anayekohoa pembeni. Mpasuaji atashughulika na mguu. Wewe ukijikuta unauliza habari za mjukuu, omba nafasi. Ukitamani mgonjwa aliyekwisha kupigwa nusu kaputi, nenda upasuaji, wala usione haya.