Senta wa mita 1.86 anayetaka ligi ya Dar

Mdogo wangu wa Chumbageni, umeuliza kama utaendelea kuwa senta, yule mrefu anayecheza karibu na ringi, ukimaliza shule na kuhamia ligi ya kikapu ya Dar, maana una mita 1.86 na hapo shuleni hakuna anayekuzidi. Sidhani, na usingoje kocha akuambie. Hasheem Thabeet wetu ana mita 2.21, akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, na bado kule dakika za kucheza zilikuwa za kugombania. Kwa kimo chako, huko juu watu wanacheza gadi, yule anayeuleta mpira mbele.

Tatizo ni kwamba senta huzoea kupokea mpira akiwa ameipa ringi mgongo. Gadi anatakiwa auone uwanja mzima. Basi anza kudunda kwa mkono wa kushoto bila kuutazama mpira, alfajiri kabla jua halijachoma sementi. Mitupo ya pointi tatu, mita 6.75, itakuja polepole. Ribaundi, ile mipira inayorudi mtupo ukikosa, usiziache kabisa. Gadi anayezipata makocha humgombania. Halafu mwombe kocha wako robo moja tu uulete mpira wewe. Mkiwa mnaongoza kwa pointi ishirini hatakunyima.